Kilichochanganyika na Maji



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kila kilicho hai kitokane na maji. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu, wazee wangu, na kina mama mlioko upande wa pili wa pazia, nawausia nikianza na nafsi yangu: tumche Mungu.

Leo nazungumzia kileo. Kwamba ulevi ni haramu, humu hakuna asiyejua. Hata mlevi anajua, tena pengine anajua kuliko sisi, maana ndiye anayeamka na kichwa kizito na mfuko mtupu. Ninachotaka tukitazame ni ile kauli inayopita midomoni mwetu kila siku: kidogo tu. Kidogo tu, kimetiwa maji. Kidogo tu, kimechanganywa na soda. Mchuzi ulitiwa mvinyo, lakini si umechemka? Tembo la asubuhi, bado tamu. Kauli zote hizi zimesimama juu ya dhana moja, kwamba kitu kikishachanganyika na maji kinakuwa kama hakipo. Na kwa kuwa siku za kazi mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, naona nina deni la kuwaeleza kinachotokea hasa kileo kinapokutana na maji.

Niondoe jambo moja njiani kwanza. Simu zetu zimejaa video za watu wanaosema sayansi imethibitisha hiki na kile cha dini, maji yanasikia dua na kubadilika umbo, na mengine mengi yasiyo na mwenyewe. Sikuja na biashara hiyo. Amri ya Mwenyezi Mungu haingoji maabara. Madina walipoletewa habari ya kuharamishwa kwa kileo, hapakuwa na mtu aliyeijua molekuli. Anas bin Malik, kijana wakati ule, alikuwa nyumbani kwa Abu Talha akiwamiminia wageni kinywaji cha tende zilizochachuka. Mpiga mbiu akapita na kutangaza. Abu Talha akamwambia Anas akitoe nje akakimwage, naye akakimwaga, na kileo kikatiririka katika vichochoro vya Madina. Hadithi hiyo haimtaji mtu yeyote aliyeomba kitiwe maji kwanza ili angalau kilichobaki kisipotee bure. Basi haya ninayoyasema si ushahidi wa kuitetea dini. Ni kuitazama kazi ya Muumba, na kuwaondolea watu hoja ambayo wengi wanaikimbilia bila kuichunguza.

Chukueni silinda mbili za kupimia, zile za kioo zenye mistari. Moja tieni mililita 50 za maji safi, ya pili mililita 50 za ethanoli, yaani kile kileo chenyewe kilichomo ndani ya bia, mvinyo, mnazi na gongo. Mimineni pamoja. Mtoto yeyote wa darasa la pili atakwambia 50 na 50 ni 100. Subirini mapovu madogo yatulie, inamisheni macho yawe sawa na mstari, someni. Ni kama 96, au 97. Mililita tatu au nne hazipo. Hakuna kilichomwagika wala kilichoruka hewani, kwani ukipima kwa mizani utakuta uzito ni uleule, gramu 89 na kitu kabla na gramu 89 na kitu baada. Vitu vyote vipo, ila vimekaa katika nafasi ndogo zaidi. Na ukiishika silinda kwa kiganja utaihisi ina uvuguvugu. Hukuwasha moto wowote, na joto limepanda lenyewe kwa nyuzi kadhaa.

Vitabu vya shule huwaeleza wanafunzi kwa maharage na mchanga: debe la maharage ukilichanganya na debe la mchanga hupati madebe mawili, kwa sababu mchanga huingia katika nafasi zilizo kati ya maharage. Mfano huo si mbaya, nami huutumia. Ila unaacha nje jambo lenyewe. Maharage na mchanga havipati joto vikichanganywa. Hapa kuna kinachoshikana na kinachoachana, na joto lile ndilo habari yake.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za hidrojeni, na imepinda. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa hidrojeni una chaji chanya kidogo, kwa hiyo hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Wataalamu huita mvuto huo kani ya hidrojeni. Molekuli moja ya maji yaweza kushikana hivyo na majirani wanne. Na mshikano haudumu. Unavunjika na kufungwa tena kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za trilioni za sekunde. Maji yaliyotulia ndani ya kata mbele yako hayajatulia hata kidogo. Ni kwa sababu ya mshikano huu maji huchemka kwenye nyuzi 100, ilhali kwa udogo wa molekuli yake yangestahili kuwa gesi hata kabla hatujazaliwa. Subhanallah.

Ethanoli nayo ina sehemu mbili. Kichwani ina oksijeni na hidrojeni, sawa na maji, na kichwa hicho hushikana na maji bila tabu. Mkiani ina kaboni mbili zilizozungukwa na hidrojeni tano, na mkia huo ni wa jamii ya mafuta. Hauna cha kushika katika maji. Ndiyo maana spiriti hutoa doa la wino wa kalamu ambalo maji peke yake hayalitoi, na ndiyo maana hiyohiyo spiriti huchanganyika na maji kwa kiasi chochote utakacho, jambo ambalo mafuta ya nazi hayawezi. Kichwa kinayataka maji, mkia unayakimbia. Nilikuwa nataka kuifananisha na mtu mwenye nyuso mbili, nikajizuia. Molekuli haina unafiki. Imeumbwa hivyo, nayo inatii.

Watu wamelihangaikia jambo hili muda mrefu. Dmitri Mendeleev, Mrusi yule aliyepanga jedwali la elementi linaloning'inia katika kila maabara ya shule, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1865 kuhusu mchanganyiko wa spiriti na maji. Mitaani husemwa kwamba yeye ndiye aliyepanga vodka iwe na asilimia 40. Si kweli, yeye alikuwa anapima uzito na ujazo. Alikuta kwamba mchanganyiko hujibana zaidi ya wote pale ethanoli inapokuwa karibu asilimia 46 kwa uzito, na hesabu yake ni sawa na molekuli moja ya ethanoli kwa molekuli tatu za maji.

Lakini ndani mle zinakaaje? Mwaka 1945 Henry Frank na Marjorie Evans walisema maji yanayouzunguka mkia ule wa mafuta hujipanga kwa utaratibu mkali zaidi, kana kwamba yanajenga vipande vidogo vya barafu kuuzunguka. Maelezo hayo yakakaa vitabuni miaka mingi. Kisha mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, wakitumia miali ya neutroni katika maabara ya Rutherford Appleton, walichunguza mchanganyiko wa maji na methanoli, ndugu mdogo wa ethanoli mwenye kaboni moja badala ya mbili. Walitia molekuli saba za methanoli kwa kila tatu za maji. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Kimiminika kile, kinachoonekana kitu kimoja, safi kama machozi, ndani yake hakijachanganyika sawasawa. Mikia ya mafuta ilikuwa imesukumana pamoja, imebanana kuliko hata inavyobanana katika methanoli tupu. Maji nayo yalikuwa yamejikusanya katika vikundi na vijinyororo vidogo, na ndani ya vikundi hivyo yalikuwa yameshikana kwa namna inayokaribia sana maji yenyewe yanapokuwa peke yake. Barafu ya kale haikuonekana kuhitajika sana katika maelezo.

Nimeikawia habari hii kwa makusudi. Unainua glasi, unaitazama kwenye mwanga wa dirisha, huoni mstari wala tone, ulimi nao unaonja kitu kimoja. Macho yanakwambia: hapa hakuna tena viwili. Kumbe kila kimoja kipo na tabia yake kamili. Kileo hakikugeuka kuwa maji. Hakikufa. Kimepunguzwa ukali kwa kila tone unaloonja, na kiasi ulichomimina ni kilekile hadi molekuli ya mwisho.

Wanazuoni wetu walilijua tatizo la jicho kabla ya neutroni. Waliosoma kitabu cha fiqhi cha Safina na sharhe zake darasani watakumbuka mlango wa maji. Maji ya kutawadhia yakibadilika sana rangi, ladha au harufu kwa kuchanganyika na kitu tahiri, huondoka katika jina la maji ya kutahirishia. Hilo ni rahisi, chai ni chai. Lakini wakauliza: je, kikiingia kitu kinachofanana na maji kwa kila sifa, kama marashi ya waridi yaliyokwisha harufu yake? Mtu mvivu angesema kisichoonekana hakipo, tawadha uende zako. Wao, katika madhehebu ya Imam Shafi tunayoyafuata huku pwani, walisema: kadiria. Chukulia kwamba hicho kilichoingia, kwa kiasi hichohicho, kina ladha ya komamanga, rangi ya maji ya zabibu na harufu ya ladani. Je, kingeyabadilisha maji? Na kama kilichoingia katika maji mengi ni najisi isiyo na sifa, basi kadiria kwa ukali zaidi: rangi ya wino, ladha ya siki, harufu ya miski. Mimi nikiwafundisha vijana mlango huu husimama hapo kidogo. Mafakihi wale hawakuwa na darubini, na bado hawakukubali jicho liwe hakimu wa mwisho.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya kileo yako katika njia hiyohiyo: kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake nacho ni haramu. Kipimo ni kile kitu chenyewe kinafanya nini, na si wewe umehisi nini baada ya funda moja.

Sasa tuje kwenye lile la mchuzi, "si kimechemka?" Vijana wengi wa mitaa yetu wanafanya kazi katika mahoteli ya ufukweni, na swali hili wananiletea wao. Mpishi mkuu anatia mvinyo kwenye sosi, anawaambia kileo chote kimeruka na mvuke. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 na ushei, maji kwenye 100, kwa hiyo mtu hudhani ukifika 80 kileo kimeondoka na maji yamebaki. Ingekuwa hivyo kama vingekuwa vimekaa kila kimoja mbali na mwenzake. Vikishashikana, vinaondoka pamoja, kila kimoja kikivuta kingine. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake la vyakula: sosi iliyotiwa kileo na kuwashwa moto juu ya kikaango, zile mbwembwe za kuwafurahisha watalii, hubaki na takriban asilimia 75 ya kileo chake. Iliyochemshwa dakika 15 hubaki na 40. Ya saa nzima, 25. Hata ya saa mbili na nusu, 5 zimo. Basi kijana wangu, ukiambiwa onja sosi, unaonja na kileo. Mwambie mpishi kwa adabu kwamba dini yako haikuruhusu kuionja, amtafute mwingine. Wengi wao wakiambiwa vizuri huelewa. Na lile kubwa zaidi, la kubeba na kumimina vinywaji vyenyewe, hadithi inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi mnaijua, na mbebaji yumo. Najua kodi ya nyumba haimngoji mtu. Sisemi acha kazi kesho ulale njaa. Nasema anza leo kutafuta idara nyingine, na sisi wenye nafasi tuone aibu kumhubiria kijana bila kumtafutia mlango.

Hata wenye viwanda hawawezi kuvitenganisha kwa moto peke yake. Ukichemsha, ukikusanya mvuke, ukachemsha tena na tena, unafika asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, na hapo unagota. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi 78.2, chini hata ya ethanoli tupu, na mvuke wake una kiasi kilekile kilichomo kwenye mtungi. Uchemshe mwaka mzima, hutoki hapo. Ili waondoe maji yale yaliyosalia hupitisha kwenye chembe zenye vitundu vya upana wa kama sehemu tatu za bilioni kumi za mita, maji yanaingia, ethanoli haipiti. Kuchanganya ni kazi ya mkono mmoja na nusu dakika, na hata joto linatoka bure. Kutenganisha kunataka moto, mitambo, fedha, na mwisho wake ukuta.

Tembo nalo tuliseme, maana hapa kwetu ndilo la karibu. Mgema anapanda mnazi alfajiri, anashusha utomvu mtamu usio na shida. Lakini chachu ya hewani na ya kwenye kibuyu haimngoji ashuke. Inakula sukari, inatoa ethanoli na hewa ya ukaa, ndiyo yale mapovu mnayoyaona. Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa tende au zabibu katika maji na kunywa maji yake, na imepokewa kwamba hakuvuka siku ya tatu. Akawakataza watu kuloweka katika vyombo kama kibuyu na mtungi uliopakwa lami, ambamo uchachu huja haraka mtu asijue, kisha baadaye akawaruhusu vyombo vyote mradi wasinywe kinacholevya. Msije mkaichukua siku tatu ya tende za Madina mkaiweka kwenye mnazi wa Pwani. Utomvu wa mnazi ni suala la saa chache, na kibuyu kilichobaki na machicha ya jana huufupisha zaidi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanywaji humlaumu kwa kuwaibia. Kwa hesabu yetu ya leo amewaibia pesa tu. Kileo bado kimo, na haramu yake haikupungua hata kwa kikombe.

Lipo tembo moja tu linalotoka kweli katika ulevi, nalo ni lile linaloachwa hadi liwe siki. Bakteria huichukua ethanoli na oksijeni ya hewani na kuifanya asidi. Hapo kitu kimegeuka kikawa kingine, hakikufichwa. Madhehebu ya Shafi yanasema likigeuka lenyewe bila kutiwa kitu, limetahirika, na chombo chake pamoja nalo. Likitiwa kitu ili ligeuke, hapana. Wahanafi wao wanaruhusu hata la kugeuzwa kwa makusudi. Tofauti hiyo isitupiganishe. Angalieni tu jinsi wote walivyotenga kugeuka na kuchanganyika.

Kuna baya zaidi ya yote, na hili nalisema hata kwa wasioswali. Ile methanoli niliyoitaja, yenye kaboni moja pungufu, haina rangi, inachanganyika na maji na ethanoli kabisa, na mnywaji haitambui kwa macho wala kwa ulimi. Novemba 2000 jijini Nairobi pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Mei 2014 ikarudi Kenya hiyohiyo, katika kaunti kadhaa, makumi wakafa. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ileile ya sungusungu, nayo hushambulia mshipa wa macho. Dalili huchelewa saa nyingi. Mtu analala akidhani amelewa tu, anaamka anauliza kwa nini taa hazijawashwa. Mkimwona jirani wa namna hiyo, awe dini gani, mkimbizeni hospitali usiku uleule. Na msishangae daktari akimpa ethanoli yenyewe kama dawa. Ini hushughulika na ethanoli kwanza, methanoli ikangojeshwa hadi ioshwe mwilini. Mlango wa dharura katika sheria yetu umewekwa kwa saa kama hizo.

Hapo nigeukie wenye wasiwasi, maana najua kuna waliokwisha kuanza kunusa mikono yao. Mwaka 2020 tulipoweka vitakasa mikono kwenye milango ya misikiti, wapo waliokataa kuvigusa. Dawa hizo huwa na kileo cha kama asilimia 60 hadi 80, na jambo la ajabu ni kwamba cha asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko kilicho karibu na tupu, kwa sababu maji yale yaliyomo husaidia kuharibu protini za kijidudu na huchelewesha kukauka. Kuhusu najisi, mafakihi walio wengi wamesema ulevi ni najisi, na wanazuoni wengi wa zama hizi wametofautisha kati ya kinywaji cha kulevya na spiriti ya dawa au manukato isiyokusudiwa kunywewa. Mkono umekauka, swali. Asiyeridhika aoshe kwa maji, bomba liko hatua tano. Na mkate, na ndizi iliyoiva sana, na maji ya machungwa yaliyokaa kidogo, vyote vina chembe za ethanoli. Ule mkate hata ukinai, hutalewa. Tusijitwishe mzigo ambao Mtume wetu hakututwika.

Kinywaji kikishaingia mwilini, yanarudi yaleyale ya silinda. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji, na ethanoli husambaa katika maji hayo yote, kwenye damu, kwenye jasho, kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha, kwenye maji aliyomo mtoto tumboni. Kichwa chake kinachopenda maji kinaisafirisha ndani ya damu. Mkia wake wa mafuta unaipitisha kwenye kuta za seli, ambazo ni za mafuta, hadi ndani ya ubongo, penye ulinzi unaozuia vitu vingi sana lakini si kitu kidogo chenye tabia mbili. Tangu 1988 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani wameviweka vinywaji vya kileo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba watu wanapata manufaa humo. Imesema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Ni uadilifu wa namna hiyo tunaotakiwa kuwa nao tukizungumza na walevi, badala ya kuwatisha kwa uongo.

Na kukitoa mwilini? Kazi karibu yote ni ya ini, nalo hukitoa kwa mwendo wake, kama gramu saba hadi kumi kwa saa. Kahawa chungu haiuongezi mwendo huo, wala ndimu, wala kumwagiwa ndoo ya maji baridi kisimani. Mtu aliyekunywa usiku kucha akaoga, akapiga mswaki, akavaa kanzu, bado anacho alfajiri. Aya ya kuwakataza waumini wasiikaribie swala wakiwa wamelewa iliweka kipimo ambacho kila mtu anaweza kujipima: mpaka mjue mnachokisema.

Mwenye kunywa kila siku kwa miaka naye ana hatari nyingine, ambayo familia nyingi haziijui. Akisikia mawaidha, akalia, akaapa, akaacha ghafla asubuhi hiyohiyo, ndani ya siku moja au mbili anaweza kutetemeka, kupandwa na degedege, na siku ya pili au ya tatu akaona visivyokuwepo. Watu husema amepagawa, wanafunga mlango wanasoma. Someni, lakini mpelekeni hospitali kwanza. Kuacha huko kunaweza kumuua, na dawa za kumvusha zipo. Wenzetu wa Unguja wana nyumba za soba zinazowapokea watu wa aina hii baada ya hospitali. Mtaani kwetu wapo wawili wanaotaka kuacha, na familia zao zimeomba wasitajwe. Tunahitaji mtu mwenye gari wa kuwapeleka kwa daktari Jumatatu asubuhi, na wawili au watatu wa kukaa nao usiku kwa zamu wiki ya kwanza. Aliye tayari anione baada ya swala, pale kwenye nguzo ya upande wa kisima.